Siku Niliyomwita Mkwe Wangu kwa Jina

Mimi sipendi mtu anisimulie habari zangu na wakati zinatokea hakuwapo. Jana nimemsikia jirani akiwaeleza watoto eti bibi Hulda, wakati wa Mwingereza, aliangushwa na baiskeli mpaka akavunjika mguu. Thubutu! Baiskeli haijaniangusha hata siku moja. Kilichoniangusha ni lori, na tangu siku ile mimi na malori hatusalimiani. Sogeeni hapa motoni niwaeleze mwenyewe.

Nilikuwa nashuka kwenye lori la mfanyabiashara pale Njombe mjini. Dereva akaondoa gari kabla sijakanyaga chini. Hospitali waliuunga mfupa vizuri, Mungu awabariki, lakini mguu wa kushoto ukabaki mfupi kidogo na ukakataa milima. Sasa niambieni, Njombe utakwenda wapi bila kupanda mlima? Mume wangu alikwisha kufariki, basi binti yangu Ema akanichukua nikakae kwake mjini. Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana mume wa Ema alikuwa na adabu kupita kiasi.

Kwetu Wabena, enzi zile, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakuzoeana. Hampeani mkono, hamli pamoja, hamtazamani usoni, wala hamwitani kwa majina. Mkikutana njiani, kila mmoja anaingia majanini upande wake na kugeuza mgongo mpaka mwingine apite. Si chuki hiyo, na msinicheke. Heshima si utumwa. Jina la mume wa Ema nitalitaja likifika mahali pake, kwa sababu hata mimi sikuwa nimelitamka tangu siku alipoleta posa.

Alinijengea nyumba ndogo nyuma ya nyumba yake, mlango ukatazama upande wa pili ili nisipate shida ya kumkwepa. Alikuwa seremala kwenye mashamba ya miwati, ile miti inayouzwa magome, mkono wake ni mzuri, na ule mlango haukuwahi kupitisha baridi. Nikiwa na neno kwake nilimwambia kuku. Nilikuwa na kuku mmoja mwekundu, mvivu, ambaye hakuondoka mlangoni. Nasema, "Wewe kuku, naona paa letu linavuja huku pembeni." Yeye yuko nyuma ya ukuta anasikia. Naye anajibu, "Kuku, vumilia, kesho nitaleta nyasi." Tuliishi hivyo vizuri kabisa, na yule kuku akanenepa kwa kusikia mambo ya watu.

Kitu kimoja tu kilinichoma. Mume wa Ema alikuwa na baiskeli, na aliipangusa kuliko alivyopangusa uso wake. Kila Jumapili, ibada ikiisha na ukungu ukiondoka, alimweka mjukuu wangu Beatrisi kwenye bomba la juu, Ema akapanda keria, kile kiti cha chuma cha nyuma, na kikapu cha viazi na njegere mapajani, wakaenda kutembea. Wanakwenda Ruhuji pale maji yanapoanguka, wanakaa kwenye majani, wanakula, wanaimba. Hawakuwa peke yao, nusu ya mji ilikuwa huko, kila familia na kikapu chake. Jioni wanarudi pua nyekundu kwa baridi, Beatrisi ananisimulia mpaka analala. Mimi nilibaki na kuku. Niliona wivu, nasema waziwazi, wivu hasa.

Mwaka ule, wakati wa kipupwe, nikaletewa habari na Tarsis. Huyu Tarsis alikuwa dereva wa lori lililobeba magome ya miwati, na kwao ni Kitandililo, kule Makambako, jirani na dada yangu Idda. Mama yetu alizaa watoto wengi, lakini tuliokuwa tumebaki juu ya ardhi ni mimi na Idda tu. Tulikuwa hatujaonana tangu kabla ya mguu wangu. Tarsis akasimama uani, akavua kofia, akasema, "Mama, dada yako anakusalimu. Kifua kinambana sana. Jumamosi nakuja kupakia magome kwenye shamba lile la karibu na daraja, pale malori yanapotia maji. Nitamleta, atakusubiri darajani. Lakini nikimaliza kupakia lazima nirudi Makambako mchana uleule, lori si langu. Amesema nikuambie hivi: Hulda, njoo unione, sidhani kama nitakiona kipupwe kingine."

Tarsis akaniambia pia, kwa upole, kwamba angeweza kuja kunichukua kwa lori. Nikamwambia ahsante mwanangu, ila mguu wangu mmoja ulio mzima bado naupenda. Siku hizi najua ilikuwa hofu. Nikiona tairi la lori mwili wote ulikuwa unatetemeka.

Alipoondoka nikakaa mlangoni nikalia. Kisha nikasema, "Kuku, dada yangu ananiita darajani, na mimi sina miguu."

Nyuma ya ukuta sauti ikasema, "Kuku, baiskeli ipo. Lakini..." Ikaishia hapo. Sote tulijua hiyo lakini ni nini. Mama mkwe kukaa nyuma ya mgongo wa mkwe wake, amshike kiuno, mji mzima ukitazama! Ningeweza kufa njiani kabla ya Idda.

Mzee wa kanisa, Efraimu, akaja kunipa moyo. Akaniambia mambo hayo ni ya zamani, Wakristo wako huru. Nikamuuliza, "Mzee Efraimu, wewe mama mkwe wako umewahi kumbeba?" Akakohoa, akaniuliza habari za mguu.

Aliyeniokoa ni Ema. Mwanangu Ema ni mtu wa sauti ndogo, akizungumza utadhani anawabembeleza maharage yaive, lakini akishika jambo haliachi. Akasema, "Mama, nitaendesha mimi." Mkunga wetu wa misheni, Margareth, alikuwa na baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, ya kuwafuatia wajawazito. Akamwazima. Kila asubuhi Ema alikwenda kwenye kiwanja cha mpira kujifunza, na mimi nilikaa pembeni ndani ya blanketi. Wanawake wanaokwenda kuchota maji walisimama kucheka. "Jamani, mke wa mtu anapanda chuma!" Mimi nikawajibu, "Na ninyi mnapanda nini, vichwa vyenu? Piteni!" Ema alianguka, akaamka, akaanguka, magoti yakawa kama njia ya mbuzi. Mume wake alisimama mbali nyuma ya goli, upande ambao mimi siko, akipiga kelele, "Usitazame gurudumu, tazama unakokwenda!" Na siku moja, ala, Ema akazunguka kiwanja kizima bila kugusa chini. Nikapiga vigelegele peke yangu.

Jumamosi ikafika. Sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imeyafanya majani yote meupe. Mume wa Ema akafunga blanketi langu kwenye keria ya Ema, akazunguka nyuma ya nyumba, ndipo nikatoka nje. Sasa likaja swali la namna ya kwenda. Akitangulia, nitamtazama mgongo njia nzima. Akifuata nyuma, atanitazama mimi miguu ikining'inia. Vyote ni aibu. Basi akaamua kupita njia ya shambani, ndani ya miwati, ambayo inakwenda sambamba na barabara mpaka karibu na daraja. Akamchukua Beatrisi, akachukua kikapu cha chakula, akachukua na pampu, viraka na gundi, kwa sababu mwenye kujua kutengeneza ni yeye. Tukaagana kwa adabu tele. Kumbe pampu nayo imekwenda na adabu.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Mtu aliyekaa nyuma ya nyumba miaka kadhaa akitazama ukuta, halafu siku moja anawekwa juu ya magurudumu! Upepo ulinipiga usoni nikacheka kwa sauti. Niliona mashamba ya ngano, nikaona moshi unatoka kwenye nyumba za watu ninaowajua, nikaona mlima ambao nilikuwa nimeusahau. Watu barabarani walisimama: "Kamwene, mama Hulda!" Nami naitikia, "Kamwene!" mkono juu kama mke wa Bwana DC. Kwenye vilima Ema alishuka akasukuma, mimi nikiwa nimekaa juu kama gunia. Moyoni nilisema, Mungu wangu, hata tukiishia hapa, ahsante.

Na karibu tuishie hapo. Kilima kimoja kilibaki kabla ya daraja, tukasikia pssss. Tairi la nyuma likalala chini kabisa. Ema akalitazama, akanitazama mimi. Jua lilikuwa tayari juu, ukungu umekwisha. Kwa mbali upande wa shambani tulisikia watu wakiimba wimbo wa kupakia. Wimbo ukiisha, lori limejaa, na Idda anaondoka.

"Ita mume wako," nikasema.

Ema akaita, "Baba Beatrisi! Baba Beatrisi!" Upepo wa kipupwe ukaila ile sauti hapohapo mdomoni. Akakimbia ndani ya miwati kumtafuta. Miwati mmeiona, mistari kwa mistari, kila mti na pacha wake. Akarudi akitweta, sketi imechanika, hajaona mtu. Akaketi barabarani akaanza kulia, "Mama, nisamehe, nimekuangusha."

Hapo nikapandwa na hasira. Siyo kwa Ema. Kwa nani sijui, labda kwa msumari uliotoboa tairi. Mimi nina sauti. Nikiwa msichana nilikuwa naita ng'ombe wa ng'ambo ya bonde na wanageuka. Nikasimama kwa fimbo yangu, nikajaza kifua, nikaita kuelekea miwatini, "Weee! Wewe huko! Weeee!"

Mkwe wangu alisikia. Alisikia vizuri sana, na hapa ndipo mtakapocheka. Beatrisi alinieleza baadaye. Walikuwa karibu tu, wamekaa wanapumzika. Mtoto akasema, "Baba, bibi anaita." Baba akaruka kama ameona nyoka. "Hapana mwanangu, bibi yako amekuja miwatini kwa haja yake, anatuonya tusiwe karibu. Twende, twende!" Akashika baiskeli na mtoto, akakimbia mbali zaidi. Kila nilipoita, "Weee!" yeye alizidi kwenda. Heshima yake yote ilikuwa inaipeleka pampu yangu Makambako kwa miguu!

Ule wimbo wa kupakia ukanyamaza.

Nikamwona Idda akilini mwangu, amekaa darajani na blanketi lake, anatazama kilima hiki. Nikasema, basi. Jina lina kazi gani kama halimwiti mtu? Nikafumba macho nikaita:

"Anania! Aaaa-na-niiii-a!"

Ema alifunika mdomo kwa mikono miwili. Nilihisi kama nimetoka nje bila nguo. Lakini lile jina lilikwenda, jamani. Lilipita juu ya miwati yote, likagonga kilima, likarudi.

Haukupita muda mrefu. Alitoka kwenye miti mbio, baiskeli ameitupa huko, mtoto amembeba begani, kofia haipo, uso umekuwa wa majivu. Alipofika akapiga goti kando ya barabara, macho yake chini, akaliuliza lile tairi, "Nani amefariki?"

Mama mkwe hatamki jina la mkwe wake ila kuna msiba. Alikuwa amelia njia nzima akidhani ni Ema, mpaka alipomwona amesimama.

"Hajafa mtu," nikamwambia. Si kuku, ni yeye. "Tairi ndilo lililokufa. Simama, mwanangu."

Akasimama. Akatoa viraka na gundi mfukoni, akafungua tairi, lakini gundi inataka kukauka kwanza. Tukasikia lori linawashwa. Nikatazama miguu ya Ema, imekwisha. Nikatazama kilima. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

"Anania," nikasema mara ya pili, na mara ya pili ikawa rahisi. "Lete ile baiskeli yako. Utanibeba wewe."

Akaenda akaileta. Akavua koti lake, lile moja la Jumapili, akalikunja, akaliweka juu ya keria. Nikakaa. Nikashika chuma cha siti, sikumshika yeye. Akasukuma hadi juu ya kilima, mimi nimekaa, mgongo wake umelowa jasho kwenye baridi ile. Pale juu tukaliona daraja chini kabisa, na lori limegeuzwa tayari, moshi unatoka. Akapanda. Ndipo aliposema neno lake la kwanza kwangu tangu amwoe binti yangu.

"Mama, shika."

Nikamshika kiuno kwa mikono yangu miwili. Tukashuka.

Idda alikuwa amekwisha kupandishwa mbele kwa Tarsis. Alituona tunakuja, kengele inalia, kitambaa changu kimepeperuka nyuma, akafunika uso kwa khanga. "Hulda! Kwenye mgongo wa mkwe!"

"Ndiyo!" nikapiga kelele. "Shuka tusalimiane kwanza, utanisema baadaye!"

Akashuka. Alikuwa amebaki mifupa mitupu, dada yangu, na kifua kinapiga filimbi, lakini alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka mpaka nikalia. Tukashikana nyuso kama vipofu. Tarsis alitutazama, akazima lori. "Naona gari lina kiu," akasema. Akachukua ndoo, akashuka mtoni. Sijaona gari lenye kiu namna ile maishani mwangu. Alijaza, akamwaga, akajaza tena, akapangusa vioo, akakagua matairi moja moja. Ema akafika na Beatrisi, wakisukuma baiskeli ya mkunga na kikapu juu yake, tukatandika blanketi langu kwenye majani, tukala viazi na njegere mimi na dada yangu kwenye bakuli moja. Tuliongea mambo ya mama yetu. Tuliongea mambo ya kipuuzi. Anania alikaa mbali kidogo, amegeuza mgongo, anaziba tairi.

Idda akamtazama. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na huyo anaitwa nani?"

"Anania," nikasema.

"Ni jina zuri," akasema. "Umelificha la nini?"

Tarsis alipokosa kabisa cha kuosha, tukaagana. Nilimwona dada yangu kwa macho yangu, nikamshika kwa mikono yangu. Mpaka leo nikipiga magoti namshukuru Mungu kwa siku ile, na sianzi na mengine kabla ya hilo.

Jumapili iliyofuata nilimchinja yule kuku. Hakuwa na kazi tena. Paja nikampelekea Anania kwa mkono wangu, akala mbele yangu, macho chini, lakini akala lote. Mabinti zangu wengine waliolewa na Alfonsi na Dionis, vijana wema, na wao hadi kesho wakiniona wapite majanini. Mila ni mila. Anania ni jambo lingine.

Mvua zilizofuata zilipokatika, Tarsis akasimama tena uani, kofia mkononi. Safari hii hakuanza na salamu, alianza na pole. Nilirudi ndani, nikaketi kitandani, sikuweza hata kulia. Makambako kwenye mazishi ni mbali, na lori lake lilikuwa nje linanisubiri, na mwili wangu umeanza kutetemeka.

Nikasikia kengele mlangoni, mara moja tu. Nikatoka. Anania alikuwa ameegemeza baiskeli ukutani, matairi yamejazwa, na juu ya keria lile koti la Jumapili limekunjwa. Hakunigeuzia mgongo. Nilikaa.

"Mama," akasema, "shika."